Beseni la Migebuka Lisilokuwamo Kitabuni

Da Mwamvua,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wanawake wote wa vichanja vya kuanikia dagaa vya Bangwe, natangaza kwamba kigoda chako cha kusomea kimetwaliwa na bata. Ni yule wa Bibi Sikujua, mwenye kilema cha bawa. Tangu tumalize arobaini yako amekifanya makazi yake, anaatamia pale kwenye bonde la katikati, na ukimsogelea anakufokea kama mtu wa ushuru. Tulikaa kikao. Mmoja akasema aondolewe, mwingine akasema huenda ni ishara, wa tatu akauliza ishara ya nini, na wakati tunabishana dagaa wakaungua. Mpaka leo yupo. Mimi nasoma nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, inayoniachia alama ya duara mahali nisipoweza kupataja mbele ya marehemu.

Ndiyo, nasoma mimi. Ulifikiri nani? Hadija anasoma vizuri, lakini akifika penye mapenzi anacheka mpaka anashindwa kuendelea. Wanao walipogawa vitu vyako, kanga zilikwenda kwa wakwe, redio ikaenda Buzebazeba kwa mdogo wako, na mfuko wa salfeti wenye vitabu ukasukumwa kwangu kwa mguu. "Huu chukua wewe, mama mdogo Vero," akaniambia mkubwa wao. "Mama alisema unavijua."

Sikuvijua. Nilidhani navijua. Hapo ndipo taabu ilipoanza, na ndiyo inayonifanya nikuandikie. Ungekuwa hai ningekuja kwako Ujiji nikugombeze uso kwa uso, ungenisikiliza huku unachochea moto, ungenipa chai ya tangawizi, na hasira ingeisha kabla ya kikombe. Sasa chai haipo. Hasira ninayo yote.

Desturi ya vichanja ni wewe uliyeianzisha, sina haja ya kukufundisha, ila acha niiseme kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Asubuhi dagaa wakishushwa tunawaanika. Jua likipanda kuna kuwageuza na kufukuza kunguru, na kati ya kugeuza na kugeuza kuna muda mrefu wa bure ambao zamani tuliutumia kusengenyana. Ukaja wewe na vitabu. Ukasema utasoma, lakini anayesoma hainami. Mgongo wake ukae wima, na wanaosikiliza wamgeuzie dagaa wake. Wanawake wakakubali upesi, maana kusengenyana kulikuwa kumeshatufikisha kwa mtendaji wa kata. Basi ikawa mwalo mzima ni wewe tu ambaye dagaa wake waligeuzwa bila yeye kukunja kiuno, na walitoka wazuri kuliko wa wote, weupe juu na chini. Nilikuonea wivu. Nilidhani kusoma ndiyo kazi rahisi kuliko zote za ziwani.

Na vitabu vyenyewe vilikuwa vya aina moja. Mabinti. Binti anazaliwa nyumba yenye shida, binti anakua, binti anasema hapana, binti anaondoka, binti anajitambua. Majina ya vitabu hatukuyajua, tulivijua kwa majalada yake: cha njano, cha kijani chenye picha ya ndoo, cha baiskeli, vile viwili vilivyofifia, na kile kisicho na jalada kabisa. Kuvigusa ilikuwa mwiko. Uliosha mikono kwa ndimu mpaka viwiko ndipo ukafungua mfuko, na mtu mwingine akinyoosha kidole tu unamkemea: "Mafuta ya dagaa na karatasi haviishi nyumba moja." Tukakuheshimu kwa hilo. Tukasema mwanamke huyu anapenda elimu.

Nilianza na cha kijani. Nilikichagua kwa sababu ndicho nilichokuwa nakipenda, hasa mwisho wake. Yule binti aliyefukuzwa na mama wa kambo ameshajenga nyumba ya bati, siku moja mama wa kambo anapita amechoka, anaomba maji, na binti kabla ya kumpa maji anampa kiti. Kile kiti, Da Mwamvua. Kila mara ukifika pale kwenye kiti nilikuwa nageukia ziwani nijifanye naangalia mtumbwi.

Basi nikasoma siku kadhaa, sauti ikinikauka, wanawake wananigeuzia dagaa kwa heshima zote. Siku ya mwisho wakasogea karibu. Nikafungua ukurasa wa mwisho nikitafuta kiti.

Hakuna kiti. Binti amekufa. Amekufa kwa homa, peke yake, na chini yake mwandishi ameongeza maneno ya kuwapongeza wazazi wanaowachunga mabinti zao.

Bibi Sikujua akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akafa tena. "Rudia polepole." Nikarudia polepole, akafa polepole.

"Umeruka ukurasa," Hadija akasema.

"Sijaruka."

"Basi vimegandana. Lamba kidole."

Nikalamba kidole, ladha ya dagaa ikanijaa mdomoni, na hakukuwa na ukurasa mwingine. Bibi Sikujua akajikung'uta mchanga kwenye kanga akainuka. "Hicho kitabu kimeharibika," akasema. "Mwamvua alipokuwa hai hakikuwa kinasema hivyo."

Kesho yake hakuna aliyenigeuzia dagaa. Hawakusema neno, wala hawakununa. Walinisalimia vizuri tu, wakapita kwenye vichanja vyangu kama wanaopita kwenye duka lililofungwa. Dagaa wangu wakaungua upande mmoja na kubaki wabichi upande wa pili, na yule mama wa Kasulu anayenunua kwangu akawashika, akawanusa, akaniuliza kama nimeanza kuanika nikiwa nimelala.

Jioni nikaumwaga mfuko wako kitandani. Nikasoma vitabu vyote kuanzia nyuma. Wa njano anarudi kwao, anapiga magoti mlangoni, anaolewa na mwanamume yuleyule aliyemkimbia, na sentensi ya mwisho inasema alitambua kwamba furaha ya binti ni utii. Mwingine anarukwa na akili. Mwingine anapewa mimba na mwalimu, na mwalimu anapandishwa cheo. Yule wa baiskeli anaanguka darajani, yeye na baiskeli yake, na mwandishi anaonekana kuisikitikia zaidi baiskeli. Wa kitabu kisicho na jalada sijui yalimpata yapi, kwa sababu nyuma nako panya walishapita, hakina mwisho. Katika mfuko mzima ni huyo tu aliyesalimika.

Nilikaa pale katikati ya maiti za wasichana nikacheka. Halafu sikucheka.

Hao waandishi siwaelewi. Wanamchukua mtoto wa watu, wanamlea kitabu kizima, wanamfundisha kusoma, kukaa peke yake akafikiri, kumtazama mtu mzima machoni akasema sitaki. Wanamfikisha mlangoni. Akishatoa mguu mmoja nje, wanamfungia mlango kwenye vidole, halafu wanatutazama sisi kama waliotufanyia hisani. Na lile neno lao, kujitambua. Kila binti lazima ajitambue, na lazima iwe mbele ya kioo au kando ya maji yaliyotulia. Huku kwetu maji hayatulii na kioo cha Hadija kimepasuka, labda ndiyo maana sisi tumechelewa. Hakuna hata mmoja wao aliyejitambua akiwa anaanua dagaa mvua inanyesha, na mimi nakuhakikishia hakuna wakati mtu anajijua ni mtu wa namna gani kama wakati huo.

Lakini wao siwajui, nitawagombeza vipi? Wewe nakujua. Ungeweza kuniambia. Tumekaa kichanja kwa kichanja, tumekula ugali sahani moja, nimekusuka, umenizalisha mtoto wa pili kwa sababu mkunga alichelewa. Ulikuwa na nafasi ya kusema, "Vero, sikia, miisho ile yote ni ya kwangu." Ungesema hata siku ya mwisho pale wodini, uliponiita kwa mkono na mimi nikainamisha sikio, nikitegemea wasia. Ukaniambia niangalie kama umevua viatu.

Na mimi nilivyo mwerevu. Unakumbuka ile mvua iliyotukuta katikati ya kitabu cha baiskeli? Tulikimbia kuanua, tukajibana wote chini ya turubai, na ukaendelea kusoma mpaka mwisho, binti akaendesha baiskeli mpaka Bujumbura akashinda mashindano na kupewa mbuzi. Tulipiga vigelegele mvua ikafunikwa. Sasa fikiri: mfuko wa vitabu ulikuwa umeuweka kichwani kwangu nikukingie usilowe. Vitabu vyote vilikuwa humo. Nilisimama na kitabu kichwani nikikusikiliza unakisoma ukiwa mikono mitupu, nikajiambia, huyu dada amekihifadhi kama watu wanavyohifadhi Kurani. Hata ndimu sikuishtukia. Nilidhani unavilinda vitabu. Ulikuwa unatulinda sisi navyo.

Basi nikaanza na mimi kudanganya. Ilinibidi, dagaa wangu walikuwa wanaungua. Lakini kazi hiyo si ya kila mtu. Wewe uliwafanya wasichana wale wapate mbuzi, viti, bati. Mimi wa baiskeli nikamfungulia duka la vipuri. Walinitazama.

"Duka la vipuri," Hadija akasema. "Mtu amekimbia kwao, amelala njaa, amevuka mto, ili auze spoku?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Alikwenda Bujumbura."

"Akapewa mbuzi," akasema mwingine.

"Mbuzi jike," akasema Bibi Sikujua. "Endelea, mwalimu, tunakusikiliza."

Ndivyo tunavyoishi sasa. Mimi nasoma, wao wananisahihisha, na dagaa wangu wanageuzwa nusu nusu kufuatana na nilivyofanya vizuri siku hiyo. Nikasema sawa, nitavumilia. Kisha likaja hili la Zawadi.

Zawadi unamjua toka anatambaa chini ya vichanja anakula mchanga. Ni mkubwa sasa. Wakati unaumwa alimaliza kidato cha nne, akapata nafasi chuo cha uuguzi Tabora, na karibu wakati huohuo ikaja posa. Shedraki, mtoto wa yule mzee mwenye mitumbwi ya mashine. Si kijana mbaya. Ana shati la kila siku. Baba Zawadi, fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache na mdomo umejaa misumari, aliridhika. Mwenye mitumbwi na fundi mitumbwi, ukoo mzima ungekuwa majini na wasizame. Zawadi akasema hapana. Hakulia, hakukimbia. Alikuwa anamenya mihogo, akasema, "Hapana, baba, naenda Tabora," akaendelea kumenya.

Baba Zawadi akauliza hiyo hapana ameitoa wapi. Mama Zawadi, badala ya kunyamaza, akasema ameitoa kwenye kitabu cha njano.

"Kitabu hicho kinaishaje?" mumewe akauliza.

Akamsimulia. Ule mwisho wako, kwamba binti aliyekataa kuolewa anasoma, anapata kazi, na baba yake aliyeapa kutomwona tena anasafiri kumfuata na beseni la samaki wa migebuka kichwani. Baba Zawadi akatema msumari, akasema kama kweli imeandikwa hivyo atakuja asikie kwa masikio yake. Ikiwa mtu aliyesoma amekaa akaandika kwamba binti wa namna hiyo hufika salama, na wake aende. Ikiwa mke wake amejitungia, ndoa ifanyike wakati wa mbalamwezi, wavuvi watakapokuwa hawavui dagaa na wana nafasi.

Mama Zawadi alinifuata nyumbani kunieleza haya akiwa na furaha kama aliyeshinda kesi. Nilijaribu kumpunguza kasi.

"Mama Zawadi, kitabu ni kitabu tu."

"Kwani nilisema ni sufuria?"

"Mwambie mwenyewe mumeo, kwa mdomo wako. Wewe ni mama yake."

"Vero, mwenzangu, mimi nimebishana na yule mwanamume tangu nanyonyesha. Nimechoka. Nataka kitabu kibishane naye. Yeye ni mtu wa maandishi, kilichoandikwa anakiheshimu. Hata kopo la dawa ya mbu analisoma mpaka chini kabisa kwenye anwani." Akanishika mkono. "Utamsomea mwisho tu. Ule wa beseni."

Angalia uliponiweka. Nikisema kweli, mtoto anaolewa na shati. Nikisema uongo, mwanamume ambaye anajua kusoma atasimama kando yangu nikimdanganya kwenye karatasi. Nilifikiri kuuchana ukurasa. Nilifikiri kuumwagia mafuta ya taa. Nilifikiri kumsingizia bata. Nilikuita kwa sauti, nikiwa peke yangu jikoni, nikakwambia njoo umalize mwenyewe, na chungu kikachemka kikamwagika, na hilo ndilo jibu nililopata.

Alikuja saa ya jua kali, moja kwa moja kutoka kazini, pamba ya kuzibia mitumbwi imening'inia mfukoni. "Mwakeye," akatusalimia kwa Kiha. Wanawake wakaitikia wote, na wote ghafla wakawa na kazi ya kufanya kwenye vichanja vyangu. Sijawahi kugeuziwa dagaa namna ile. Mama Zawadi alikaa chini akiutazama mchanga. Zawadi mwenyewe alikuwa amesimama na fagio anafukuza kunguru ambao hawakuwepo.

Nikakifungua cha njano ukurasa wa mwisho. Macho yangu yalikuwa kwenye magoti na utii, mdomo nikaupeleka kwako.

"Siku moja," nikasema, "binti akiwa kazini, akamwona baba yake anakuja njiani, ameshika beseni la dagaa..."

"Migebuka," Bibi Sikujua akasema.

"Beseni la migebuka. Amelishika kwa mikono miwili..."

"Kichwani." Hiyo ilitoka kwa watu wasiopungua watatu.

Baba Zawadi akainua macho. "Mwanamume? Kichwani?"

"Kichwani, tena bila kata ya kukalishia mzigo," akasema Hadija. "Alitoka nyumbani usiku asionekane, lakini kukapambazuka yuko njiani, watu wakamwona, na hakulishusha."

"Wakamcheka," akasema mwingine, huku anageuza.

"Wakamcheka sana," akasema Mama Zawadi, bado anatazama mchanga. "Na shingo ikamuuma. Na maji ya samaki yakamtiririkia kwenye kola."

Da Mwamvua, mimi sikuwa nasoma tena. Nilikuwa nimeshika kitabu tu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Wao ndio walikuwa wanasoma. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, wamekitunza, wewe umekwenda, wao wamebaki nacho. Walibishana kama beseni lilikuwa la bluu au la plastiki nyekundu. Wakakubaliana bluu. Wakafika pale baba anapomfikia binti, na hapo wote wakaniachia mimi, kwa sababu pale ni lazima msomaji.

"Hakusema samahani," nikasema. "Alilishusha beseni. Akasema, 'Mwanangu, nimekuletea mboga.'"

Kwa baba wa huku kwetu hiyo ndiyo samahani yenyewe, hakuna kubwa zaidi, na nadhani ulilijua hilo vizuri, wewe ambaye baba yako alikuoza ukiwa bado unacheza rede na hakuwahi kukuletea hata kichwa cha mgebuka. Hilo hukuwahi kulisoma popote. Uliniambia mara moja tu, tukiwa tunaanua, na ukaniuliza papo hapo kama nimeona kamba.

Baba Zawadi akanyoosha mkono. "Nipe nisome mwenyewe."

Nikashika mwiko wako kama anayezama anavyoshika gogo. "Mikono, Baba Zawadi. Hatushiki vitabu na mikono ya kazi. Ni sheria ya marehemu."

Akaitazama mikono yake, nyeusi ya lami. Akaomba kipande cha sabuni. Akashuka ziwani, akachuchumaa, akaisugua kwa mchanga, akaisuuza, akainusa, akaisugua tena. Nilijua hapo kwamba tumekwisha. Mtu anayeosha mikono hivyo atasoma kila neno.

Akarudi akaifuta kwenye shati. Akakichukua. Alisoma na kidole, midomo inacheza, kidole kikienda polepole chini ya mstari kama anapima ubao. Nilikifuata kile kidole. Nikakiona kinafika kwenye mlango. Nikakiona kinafika kwenye magoti. Kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikaja tena, kikaenda mpaka kwenye utii, mpaka kwenye nukta. Akageuza ukurasa akakuta mweupe. Akageuza tena kama mtu anayetafuta mlango wa pili.

Zawadi alikuwa ameacha kufagia hewa.

Akakifunga. "Huyu aliyeandika," akasema, "angekuwa fundi wangu ningemfukuza. Chombo amekiunga vizuri, mbao zimekaa, kimenyooka. Halafu siku ya kukishusha majini anakitoboa mwenyewe." Akanirudishia kitabu, akakishika kwa ncha za vidole kama kitu cha mtu. "Mwamvua alijua kuziba."

Kisha akamwambia mkewe, "Inuka twende tukawaambie akina Shedraki watafute kwingine, kabla hawajachinja." Akaondoka bila kumtazama binti yake, ila alipopita karibu naye alilichukua lile fagio mkononi mwake, akalisimamisha kwenye kichanja, akaenda.

Wanawake walirudi kwenye vichanja vyao. Hakuna aliyeniuliza Baba Zawadi alitaka kusema nini. Bibi Sikujua peke yake akasema, kwa faida ya bata, "Nilisema vimeharibika." Mpaka leo sijui nani pale alikuwa anajua na nani hakuwa anajua, na nikianza kuwachunguza nyuso zao nikisoma, nazidi kuchanganyikiwa. Inawezekana mjinga nilikuwa mmoja tu, yule mwenye mfuko kichwani.

Sasa sina raha. Habari imesambaa mpaka Ujiji. Kuna mama amenijia anataka mwisho wa binti anayekwenda kuwa dereva wa lori. Mwingine, mkali kidogo, anataka mwisho wa binti anayebaki nyumbani kumwangalia mama yake na asionekane mjinga kwa kubaki, na huo, nikuambie, ni mgumu kuliko yote, nimeuhangaikia toka juzi. Nageuka kukuuliza. Bado nageuka. Nilipogeuka mara ya mwisho ndoo ikateleza, nikakaa kwenye dagaa, wakacheka mpaka Hadija akalazimika kushika mti. Kulikuwa na pengo pale upande wangu wa kushoto, la ukubwa wa mtu mwenye maneno mengi, na nilikaa nikilitazama huku napangusa magamba.

Nimekukasirikia sana. Naomba ulijue hilo huko uliko. Mtu haondoki hivyo, na nusu ya kazi mdomoni.

Basi nakuaga, dada. Nakuahidi nitaviziba vyote, kimoja baada ya kingine, na hakuna binti atakayekufa tena mikononi mwangu, hata yule wa homa. Yule asiye na jalada wala mwisho nitamwacha aendelee kutembea. Wewe pumzika, na usinijie ndotoni kunisahihisha, wa kunisahihisha ninao wa kutosha.

Zawadi ameondoka na treni. Tulimsindikiza stesheni mimi na mama yake, na nilimchukulia kile cha njano akiweke kwenye begi, kiwe ukumbusho wako. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Mama mdogo, uniwie radhi," akasema, "mimi hivyo vitabu sivijui. Mama mkubwa Mwamvua akianza tu kusoma, nilikuwa nalala."